Kabla ya Kulipia Somo la Sayansi la Mtandaoni: Maelezo kwa Wanafunzi wa Uhandisi na Wazazi Wao



Jambo tulilokuja kulizungumza hutokea kila mwaka kiangazi kinapokaribia. Mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha hapa Marekani huamua kulisoma kwa njia ya mtandao somo moja la lazima la sayansi, fizikia au kemia, na mara nyingi hulisoma katika chuo kingine chenye ada nafuu. Sababu zake ni za haki. Ana kazi ya zamu, nauli ni nzito, nafasi darasani zimejaa, au anataka kupunguza mzigo wa muhula ujao.

Hatukuja kumkataza. Somo la mtandaoni likiandaliwa vyema hufundisha, na vyuo vingi vya umma vya kuheshimika huyatoa masomo ya namna hiyo. Tulilokuja kulisema ni kwamba bei ya somo haijulikani kwa kutazama ada peke yake. Tuseme somo moja linauzwa dola 400 na jingine dola 1,500. Ikiwa lile la dola 400 halihesabiwi katika shahada yako, utalazimika kulipia na lile la pili, na miezi iliyopotea hairudishwi na mtu. Katika uhandisi masomo hufuatana kama ngazi: asiyemaliza fizikia ya kwanza haruhusiwi kuingia katika somo la statiki, na asiyepita statiki hawezi kuendelea na yanayoitegemea. Pale ambapo somo linalofuata hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka, kosa la kiangazi kimoja huahirisha mahafali kwa mwaka mzima, na kodi ya nyumba ya mwaka huo ni sehemu ya bei ya lile somo lililoonekana rahisi.

La kwanza la kuchunguza, basi, ni kama somo hilo ndilo linalotakiwa. Majina hudanganya. Vyuo vingi vina fizikia za aina mbili. Moja hufundishwa kwa aljebra, na huwafaa wanaosomea fani nyingine. Ya pili hufundishwa kwa kalkulasi, yaani hisabati ya kupima namna mambo yanavyobadilika, na hiyo ndiyo ambayo shule za uhandisi kwa kawaida huitaka. Vivyo hivyo kwa kemia: liko somo la utangulizi kwa wasiosomea sayansi, na liko somo la kemia ya jumla. Katika tangazo la chuo yote mawili yanaweza kuwa na krediti sawa na ada sawa. Tofauti huonekana katika muhtasari wa somo, mahali panapoeleza hisabati inayotangulia. Usipoona kalkulasi ikitajwa katika muhtasari wa fizikia, simama kwanza uulize.

La pili ni maabara. Shirika la ABET, linalotoa ithibati kwa programu za uhandisi, huitaka kila programu ya shahada ya kwanza ya uhandisi iwe na krediti zisizopungua 30 za hisabati na sayansi za msingi za ngazi ya chuo, pamoja na uzoefu wa majaribio unaoifaa programu hiyo. Kwa sababu hiyo shule za uhandisi huitazama sana maabara ya somo la mtandaoni. Wapo wanaotumia sanduku la vifaa linalotumwa nyumbani, ili mwanafunzi apime na kurekodi mwenyewe. Wapo wanaotumia majaribio ya kuigiza kwenye skrini. Na wapo wanaomtaka mwanafunzi afike chuoni kwa siku chache. Shule moja huweza kuzikubali njia zote, nyingine ikaikataa ya skrini. Pia vipo vyuo vinavyotenga darasa na maabara kuwa masomo mawili, kila moja na ada yake. Ukilipia moja tu ukidhani umelipia yote, utabaki na nusu ya sharti.

La tatu ni idhini. Chuo unachokusudia kulipia sharti kiwe na ithibati inayotambulika, na Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata ambamo yeyote anaweza kulitafuta jina la chuo bila malipo. Hata hivyo, ithibati peke yake haitoshi. Anayeamua kama krediti zitapokelewa ni chuo kinachokupa shahada. Neno la muuzaji kwamba krediti zake zinakubalika kila mahali si ahadi ya chuo chako. Katika jimbo la California upo mfumo wa umma uitwao ASSIST, unaoonyesha somo gani la chuo cha jumuiya linalingana na lipi la chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Kwingineko, mpelekee mshauri wako wa masomo muhtasari kamili, ukionyesha maabara inavyofanyika, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya kujiandikisha. Uliza pia alama ya chini inayopokelewa, kwa maana vyuo vingi hukataa krediti za alama iliyo chini ya C. Jibu hilo lihifadhi pamoja na stakabadhi na muhtasari wenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

La nne ni muda. Kwa kipimo cha serikali ya shirikisho, krediti moja ni sawa na saa moja ya darasa na zisizopungua saa mbili za kazi binafsi kila wiki, kwa muda wa wiki 15 hivi. Somo la krediti nne, basi, ni saa 12 kwa wiki, jumla saa 180. Somo hilohilo likibanwa katika wiki sita za kiangazi, kazi haipungui: ni saa 30 kila wiki. Mwenye ajira ya saa 40 atakuwa na juma la saa 70 kabla hajala wala hajalala. Wazazi, tunawaomba mlihesabu hili pamoja na vijana wenu. Anayesoma mbele ya kompyuta nyumbani yuko darasani, hata kama macho yetu yanamwona amekaa.

La tano ni gharama zilizojificha. Chuo cha umma kwa kawaida humtoza zaidi mkazi wa jimbo jingine, hata anaposoma akiwa kwake. Ongeza sanduku la maabara, namba ya kuingilia kwenye programu ya mazoezi, kamera, ada ya msimamizi wa mtihani wa mtandaoni na ada ya kutuma nakala ya matokeo. Kuhusu vitabu, sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 huvitaka vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kuonyesha bei ya vitabu katika ratiba ya masomo pale inapowezekana. Itazame kabla ya kulipa. Chunguza pia siku ya mwisho ya kuacha somo na kurudishiwa fedha. Katika masomo mafupi siku hiyo huja upesi, pengine kabla mwanafunzi hajarudishiwa zoezi la kwanza.

Wanaotegemea msaada wa fedha wana neno lao. Ruzuku ya Pell haiwezi kupokewa kutoka vyuo viwili kwa wakati mmoja. Ukitaka msaada wako ulihesabu somo la chuo kingine, vyuo hivyo viwili huhitaji kuwa na makubaliano ya maandishi, na somo lenyewe liwe linahesabiwa katika shahada yako. Nenda ofisi ya misaada ya chuo chako mapema, kwa kuwa makubaliano hayo hayaandikwi kwa siku moja.

Na wale waliokuja kwa viza ya F-1, kutoka Tanzania, Kenya au kwingineko, wasikilize kwa makini zaidi. Katika muhula wa kawaida, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kusoma krediti zisizopungua 12, na katika hizo, yanayofanyika mtandaoni huhesabiwa somo moja tu au krediti tatu tu. Somo la fizikia la krediti nne linaweza kulivuruga hesabu hilo. Kinachohatarishwa hapo ni ukaazi wenyewe. Usiongeze wala kuacha somo kabla ya kuzungumza na ofisa wa chuo anayewahudumia wanafunzi wa kigeni.

Mambo yakienda kombo, haki zenu zipo. Kama mlichopewa sicho kilichotangazwa, andikieni chuo kwanza, mkitaja tarehe na kuambatisha ushahidi. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa mamlaka ya jimbo inayosimamia elimu ya juu au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kama ni ulaghai wa chuo cha bandia, toeni taarifa pia kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo huweza kuipinga tozo kwa benki yake endapo huduma haikutolewa, mradi asichelewe.

Ndugu zetu, maswali tuliyoyataja huchukua siku chache kupata majibu: somo ni lile, maabara inakubalika, idhini imeandikwa, muda upo, gharama zote zimejumlishwa, msaada na viza haviguswi. Mwanafunzi aliyeyapata majibu hayo alipe kwa moyo mkunjufu na asome kwa bidii, maana fizikia atakayoielewa kiangazi hiki ndiyo atakayoitumia atakapokadiria uzito ambao daraja linaweza kuubeba. Asiyeyapata bado, asilipe bado.