Kompyuta Inapojiita Yenyewe



Vijana wameniambia kwamba intaneti ikikatika, somo la kompyuta nalo hukatika. Nasema hapana.

Kila kompyuta ina anwani ya kujiita yenyewe: 127.0.0.1. Ujumbe unaopelekwa huko hautoki nje. Hurudi pale pale. Ukoo wenye ndiva yake kule Usangi hauteremki Nyumba ya Mungu kutafuta maji ya kumwagilia.

Ipo pia orodha ya majina, faili liitwalo hosts. Kabla ya mfumo wa majina aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983, orodha moja ya namna hiyo ilitunzwa Marekani, na kompyuta za mtandao ziliinakili. Leo kila kompyuta ingali na yake, na kwa kawaida huitazama kabla ya kuuliza nje. Kwa ruhusa ya mwalimu, andikeni humo mstari mmoja: 127.0.0.1 shule.test. Washeni programu ya seva, na kurasa mlizotunga zitafunguka kwa jina hilo bila kununua bando.

Lakini angalieni: mwenzako akiandika 127.0.0.1 kwenye kompyuta yake, atajiita yeye, si wewe. Mimi nilipoteza siku nzima kwa kosa hilo. Yeye aandike anwani ya kompyuta yako katika mtandao wa chumba, na seva yako imruhusu.

Vijana, msingoje intaneti ndipo muanze kazi. Anzeni na kilicho mezani.