Muhogo Mchungu Hautaki Haraka: Mazungumzo kwa Wakazi wa Webuye



Ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama ni chakula cha zamani katika Kaunti ya Bungoma. Huliwa kwa mrenda, saga, uyoga wa msituni, au kumbikumbi wanaookotwa wakati wa mvua. Unga wa mahindi ukipanda bei, familia nyingi huurudia muhogo. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo. Wengine walikuwa wameula pamoja matangani. Wawili walifariki.

Wazee waliijua dawa yake: subira. Mama aliyefunzwa na nyanya yake humenya muhogo, huulowesha majini siku 3 hadi ulainike na kuchacha, huumwaga maji yake, huuanika juani ukakauka kabisa, ndipo huupeleka kusagwa. Anayekata vipande vikubwa na kuvianika siku hiyo hiyo huokoa muda, lakini sumu nyingi hubaki ndani ya unga. Kuusonga ugali tu hakuiondoi yote.

Na aliyenunua unga sokoni, asijue ulivyoandaliwa? Ipo njia iliyofundishwa akina mama vijijini Kongo, ambako sumu hii huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba juu ya turubai safi, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa siku hiyo hiyo.

Uyoga ni jambo jingine. Ipo aina ambayo sumu yake haitoki kwa kuloweshwa, kukaushwa wala kupikwa. Asiyeutambua kwa hakika auache ulipoota.

Mtu akiumwa kichwa, akishikwa na kizunguzungu, akitapika au kuishiwa nguvu baada ya kula, apelekwe mara moja Hospitali ya Kaunti ya Webuye au kituo cha afya kilicho karibu. Unga uliobaki usipikwe tena. Upelekwe pamoja naye ili uchunguzwe.

Chakula cha wazee ni kizuri, mradi kiandaliwe walivyokiandaa wazee.