Walowezi wa Taveta na Hati Walizoziacha

Ukitoka Taveta mjini kuelekea Ziwa Jipe, kuna kilima kinaitwa Girigan, na juu yake limekaa jumba la Grogan. Watalii hupandishwa pale kutazama Kilimanjaro upande mmoja na ziwa upande wa pili, kisha husimuliwa habari za mapenzi: kwamba Mwingereza mmoja alivuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo ili akubaliwe kumwoa binti aliyempenda. Hadithi ni tamu, na safari ile aliifanya kweli, akafika Cairo mwaka 1900. Lakini hakujibebea mizigo yake. Majina ya wapagazi waliomfikisha huko sijawahi kumsikia mtu akiyataja pale kilimani.

Ewart Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Ulowezi alijifunzia kusini. Mwaka 1896 Wandebele walipoinuka dhidi ya utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes, katika nchi tunayoiita leo Zimbabwe, Grogan alikuwa upande wa bunduki za wazungu. Alipokuja Kenya mwaka 1904 alikuja na fikra za kule: kwamba nchi hii nayo iwe ya wazungu, Mwafrika awe kibarua ndani yake. Mwezi Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwacharaza viboko hadharani Waafrika 3 mbele ya mahakama ya Nairobi. Mahakama, ndugu zangu! Hakimu alimfunga mwezi mmoja tu, na heshima yake miongoni mwa wenzake haikupungua hata kidogo. Baadaye alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria na kujenga hoteli ya Torr's, iliyokuwa fahari ya Nairobi. Katika miaka ya 1930 alikuwa hapa kwetu, anachimba mifereji ya kunyweshea mashamba na kupanda mkonge, huku jumba likipanda kilimani.

Grogan hakuwa wa kwanza kuileta Afrika Kusini Taveta. Wajerumani waliuteka mji huu Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza. Waingereza, ili kuukomboa, waliagiza wazungu wa Afrika Kusini, Makaburu na Waingereza wa kule, na wote wakaja na dharau moja: waliamini askari mweusi hawezi kusimama mbele yao, na askari wa Kihindi waliwaita makuli. Tarehe 12 Februari 1916 walikipanda kilima cha Salaita. Waliowangoja kwenye mahandaki walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Kabla jua halijatua wazungu wale walikuwa wanakimbia, na aliyewakinga wasimalizwe ni kikosi cha Wabaluchi kutoka India, wale wale makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota hata bunduki za mtombo zilizotupwa njiani, wakawarudishia wenyewe pamoja na ombi kwamba neno kuli sasa liachwe.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, Kaburu aliyewahi kupigana na Waingereza hao hao, aliongoza mapigano ya Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwa Uingereza. Vijana wa Afrika Kusini waliouawa wamelala katika makaburi ya vita hapa mjini, kila mmoja na jiwe na jina lake, nyasi zimekatwa. Maelfu ya wapagazi na askari weusi wa vita hivyo hawana kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri makosa hayo na kuomba radhi. Miaka zaidi ya 100 baadaye, lakini ilikiri.

Vita vilituachia pia reli ya kutoka Voi. Ilijengwa ili kusukuma majeshi, ila ndiyo iliyofanya mkonge wa bonde hili uwe na njia ya kufika bandarini. Mwenye mtaji akaona faida. Baada ya Waingereza wakaingia Wagiriki, watu ambao mkonge walikuwa wakiulima pia ng'ambo ya mpaka, Tanganyika.

Sasa tuulizane: walowezi hawa walikuwa wangapi? Sensa ya mwaka 1962 ilihesabu Wazungu karibu 56,000 katika Kenya ya watu zaidi ya milioni 8. Huko Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, walikuwa wengi zaidi, wakathubutu kujitangazia uhuru wao wenyewe mwaka 1965 na kupigana miaka mingi kuulinda. Wa kwetu hawakuwa na ubavu huo. Makaburu wa Eldoret, waliokuja kwa meli na magari ya ng'ombe mwaka 1908, wengi wao walifunga virago uhuru ulipokaribia, wakarudi kusini. Grogan naye alifia Cape Town mwaka 1967.

Kwa hiyo watu waliondoka. Ninachobishana nacho leo ni ule usemi kwamba ulowezi uliondoka nao. Mradi wa serikali wa kununua ekari milioni moja na kuwagawia wananchi ulilenga hasa nyanda za juu. Mashamba ya mkonge ya Taveta yalibaki mazima, yakibadilisha mwenye nayo tu. Sehemu ikawa ya Criticos, familia yenye asili ya Ugiriki. Sehemu nyingine kubwa ikawa ya familia ya rais wetu wa kwanza. Mkonge ulipoporomoka bei, nyuzi za viwandani zilipoushinda, vibarua wakabaki maskwota kwenye ardhi ambayo babu zao hawakuiomba kwa mtu.

Na jambo la ajabu, au labda si ajabu: katika miaka ya 1990 Wataveta walimpeleka Bungeni Basil Criticos, mzungu mwenye mashamba. Wageni wakiambiwa hucheka. Mimi sicheki. Mahali ambapo mtu mmoja ndiye mwenye ajira, ndiye mwenye maji, na ndiye mwenye uwanja ulipojenga nyumba yako, kura unampa nani? Na mzungu aliyezaliwa hapa, raia kama mimi, ana haki ya kugombea. Ugomvi wangu si na rangi yake. Mwenye hati akiwa mweusi, skwota haongezewi hata hatua moja ya shamba.

Tukumbuke pia kwamba hifadhi ya wanyama ya Tsavo peke yake imemeza takriban asilimia 62 ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Kinachobaki wanagawana ranchi, mashamba makubwa, na sisi.

Katiba ya mwaka 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka miaka 5 ya kupeleka madai, na dirisha hilo lilifungwa Septemba 2021, wakati wengi wetu hatukuwa na habari kwamba lipo. Waheshimiwa mnaokaa katika bunge la kaunti Wundanyi na mliotumwa Nairobi, hakikisheni madai yetu yanasikilizwa. Na ninyi wazee wa Taveta mnaojua ni kijiji gani kilihamishwa ili mfereji upite, msiwasimulie wajukuu peke yao. Nendeni na wajukuu hao wanaojua kuandika, mtaje majina na mahali, mtie sahihi, na nakala muiweke kwa chifu na kwa wakili. Siku madai yakisikilizwa, wataulizwa wenye ushahidi mkononi.