Jina ni Deni: Ubatizo na Wajibu wa Kuliishi Jina



Ubatizo wa mtoto katika Kanisa Katoliki huanza kwa swali. Kabla ya maji na kabla ya mafuta matakatifu, wazazi huulizwa wamempa mtoto wao jina gani. Jibu lao huandikwa kwenye daftari la parokia, nalo jina humfuata mwenyewe kwenye komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa na hata mazishi. Hoja yangu leo ni kwamba jina hupata ukristo wake katika maisha ya anayelibeba, wala si katika lugha lilikotoka.

Katika Biblia, mara nyingi jina hutangulia mwenendo. Abramu aliitwa Abrahamu, baba wa mataifa, Isaka hajazaliwa bado. Simoni, kama anavyosimulia Yohana katika sura ya 1, alipewa jina la mwamba mara tu alipofikishwa mbele ya Yesu. Mwamba huyo huyo alikuja kumkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja, akimwogopa hata kijakazi. Hata hivyo hakunyang'anywa jina. Aliachiwa alilipe kama deni, naye akalilipa. Yosefu Mlawi wa Kipro, ambaye mitume walimwita Barnaba, mwana wa faraja, aliuza shamba lake kwa ajili ya wenye shida. Kisha Sauli alipokuwa akiogopwa na wanafunzi wote, ni Barnaba aliyemshika mkono na kumdhamini mbele ya mitume. Faraja yake ilionekana kwa macho.

Waumini wa kale waliielewa siri hii. Katika karne ya 3, Dionysius, askofu wa Aleksandria, aliandika kwamba Wakristo wengi waliwaita watoto wao Paulo na Petro. Jina lilitolewa kwa mapenzi, na kwa shauku ya kufuata nyayo za wajina. Baadaye desturi ikawa sheria. Kanuni ya 761 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Kwetu huku sheria hiyo ilieleweka na wengi kwa namna moja: jina la Kikristo ni jina la Kizungu. Kanuni ya 855 ya mwaka 1983 imelegeza kamba. Inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo.

Lakini swali kama jina la Kiafrika laweza kuwa la Kikristo lilikwisha kujibiwa Uganda karibu miaka 100 kabla ya kanuni hiyo. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipokuwa amewageukia wahudumu wake waliomfuata Kristo, Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa kasri, aliwabatiza usiku wakatekumeni waliokuwa chini yake. Walikuwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Mbaga alikuwa jamaa wa karibu wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Ndugu zake walimsihi ajiokoe, akakataa. Tarehe 3 Juni vijana hao walikufa Namugongo pamoja na wenzao, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, hao wanne waliingia katika orodha kwa majina ya Kiganda waliyolelewa nayo. Leo watoto wa Kenya na Tanzania hubatizwa Kizito, na hakuna paroko anayeuliza mtakatifu huyo ni nani. Jina la nyumbani Buganda limekuwa jina la ubatizo kwa sababu kijana mmoja aliliishi hadi mwisho.

Kwa hiyo amri ya mtawala haiwezi kulipa jina ukristo wake wala kuuondoa. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo nchini Zaire, vyeti vilibadilika, imani ikabaki. Vivyo hivyo, jina la mtume kwenye kitambulisho cha mla rushwa halimtakasi. Kanisa la Sardi, katika Ufunuo sura ya 3, lilikaripiwa kwa kosa hilo hilo: lilisifika kuwa hai, kumbe limekufa.

Nawaomba wazazi na wasimamizi wa ubatizo jambo moja. Mkimpa mtoto jina la mtakatifu, msimwachie herufi tupu. Msimulieni somo wake aliishi vipi, alianguka wapi na aliinukaje. Mkimpa jina la bibi au babu, msimulieni pia uaminifu wa mzee huyo. Sisi nasi tunawaandalia wajukuu majina. Tuwe wakweli kazini, tuwasamehe waliotukosea, tuwatunze wasio na mtu, ili atakayerithi jina letu apate mfano wa kufuata.