Moyo wa kazi haujengwi kwa makaripio



Nchi inayoshuka kutoka milima ya Mbinga kuelekea Tingi na mwambao wa Ziwa Nyasa ni nchi ya miteremko mikali na mvua kubwa. Mtaalamu wa kilimo akiiona kwa mara ya kwanza angeweza kusema kwamba ikilimwa, udongo wake utaishia mtoni baada ya misimu michache. Hata hivyo Wamatengo wamelima miteremko ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 100, na udongo bado upo. Jambo hilo halina budi kutazamwa kwa makini na kila anayejiuliza ni kwa nini mtumishi mmoja hukabili shida za kazi akabaki na ari, na mwingine huvunjika moyo.

Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wakae wengi katika eneo dogo la milimani. Ardhi ya kuhamahama na kulima mapori mapya haikuwapo tena. Jibu lao lilikuwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya nyasi hizo. Hubaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoza kuwa mbolea. Mvua inaponyesha, kila shimo hupokea sehemu yake ya maji, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuporomoka kwa nguvu moja.

Udongo wa Umatengo haukuumbwa mgumu kuliko udongo wa mahali pengine. Umepangwa vizuri. Na hilo ndilo neno kuu la mazungumzo haya: uimara wa nafsi ya mfanyakazi hutegemea sana jinsi kazi yake ilivyopangwa na watu wanaomzunguka, kuliko ugumu wa moyo aliozaliwa nao.

Tuchukue mfano wa mwalimu kijana anayepangiwa shule ya kijijini katika wilaya ya Nyasa, wilaya iliyozaliwa kutokana na Mbinga mwaka 2012. Amefika akiwa na cheti kipya na nia njema. Nyumba hakuna, akapanga chumba. Darasa lina watoto wengi, vitabu ni vichache. Mwezi wa tatu anakopa kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Mkaguzi anapofika huuliza maandalio ya somo, akaandika kasoro, akaondoka. Mwaka wa pili mwalimu huyo bado anaingia darasani, lakini hasahihishi madaftari, hacheki na wanafunzi, na kila Ijumaa mchana haonekani. Wakubwa wake husema ni mvivu. Majirani husema ana mawazo. Majirani wamekaribia ukweli zaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii kwa alama tatu: nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi na kuanza kuidharau, na hujiona kwamba hafanikishi lolote. Shirika hilo lilikuwa na hadhari kubwa. Halikuiita hali hiyo ugonjwa. Lilisema ni jambo la kazini, litokanalo na mzigo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maana yake ni kwamba anayemtafuta mkosaji ndani ya nafsi ya mwalimu peke yake ametafuta nusu tu ya mahali panapostahili kutafutwa. Na hasara si ndogo. Mwaka 2022 Shirika hilo lilitaja kwamba sononeko na wasiwasi huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka.

Watu wa nchi hii hawakungoja wataalamu wa Geneva kulitambua jambo hili. Mwongozo wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na ukandamizaji. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi katika viwanda kadhaa waligoma, na mara nyingi madai yao hayakuwa mshahara peke yake. Walichokataa ni matusi, dharau na ubabe wa mameneja. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi waliwatoa wakubwa wao na kuendesha kiwanda wenyewe kwa muda. Watu waliodhaniwa kuwa wamechoka na kazi walionyesha kwamba walichochoka nacho ni kudharauliwa.

Ushahidi mwingine unatoka mbali, lakini unafundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikaa na wanakijiji na kuchapisha matokeo yao mwaka 1933. Ingetarajiwa kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Kinyume chake, waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa wakifanya kazi, na hata mwendo wao barabarani ulipungua kasi. Kazi ilikuwa imewapa zaidi ya ujira. Iliwapa mpango wa siku, wenzao wa kuonana nao, na sababu ya kuamka. Basi kazi isiyo na wenzao wala sababu iliyo wazi humfanya mwenye ajira afanane na asiye na ajira, ingawa jina lake limo katika orodha ya mishahara.

Je, mpangilio unaohitajika ni upi? Kwa mara nyingine hakuna haja ya kwenda mbali. Wamatengo wana neno sengu. Kwa desturi, wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, chakula kikitoka katika nyumba mbalimbali, na hapo ndipo mambo yalipozungumzwa: shamba, ugomvi, ugonjwa, mtoto mkaidi, deni. Mwenye shida hakuhitaji kuandika barua ya kuomba kusikilizwa. Kukosekana kwake kwenye chakula kulitosha kuwaamsha wenzake waulize kulikoni. Tena wana ngokela, yaani kazi ya kusaidiana, ambapo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, ili mlima usimshinde mtu aliye peke yake.

Desturi hiyo haikubaki hadithi ya wazee. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipofanya kazi ya maendeleo katika kijiji cha Kindimba, wilayani Mbinga, tangu mwaka 1999, wanakijiji waliunda kamati na kuiita Sengu. Kamati hiyo ilishughulika na mambo ya kijiji, pamoja na mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Ni dhahiri kwamba desturi ya zamani ilipanuliwa ikatoka kwenye ukoo ikawa ya kijiji kizima. Kama kijiji kimeweza kuipanua, shule na ofisi zinashindwaje?

Jirani zetu wa Zimbabwe nao wana neno, kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee mjini Harare kukaa na wenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, kisha kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na Zanzibar pia. Yafaa kuzingatia kwamba bibi wale hawakuhubiri. Walisikiliza kwanza, kisha wakaligawa tatizo kubwa katika sehemu ndogo, kama ngoro inavyoyagawa maji ya mvua.

Lipo pia suala la mapumziko. Wavuvi wa usipa wa Ziwa Nyasa hutumia taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa haivuti samaki vizuri, na wavuvi hushona nyavu na kukaa na watoto wao. Hakuna awaitaye wavivu kwa usiku huo, maana nyavu zisiposhonwa, giza likirudi hazitavua kitu. Mtumishi anayetakiwa kujibu simu ya mkubwa wake saa nne za usiku, na kuandika taarifa siku ya mapumziko, ni mvuvi asiye na mbalamwezi.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yatawapa wazembe kisingizio. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mzembe hujificha kwa urahisi zaidi mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake. Penye sengu ya kweli, mzembe huulizwa na wenzake mapema kuliko anavyoulizwa na mkaguzi, na mwenye kulemewa husaidiwa kabla hajaitwa mzembe.

Wapo pia watakaosema kwamba mazungumzo hayalipi deni wala kujenga nyumba ya mwalimu. Hiyo ni kweli kabisa. Ole wake mkubwa atakayetumia sengu kuwatuliza watu ili asishughulikie malimbikizo yao, nyumba zao na upandishaji wao wa vyeo! Ngoro bila mbegu ni mashimo matupu. Hali kadhalika, mtu aliyeshikwa na maradhi ya akili yampasa kupelekwa kwa daktari, kama apelekwavyo mwenye malaria. Benchi na chakula cha pamoja havichukui nafasi ya hospitali.

Yaliyo katika uwezo wa kila mwalimu mkuu na mkuu wa idara ni machache, lakini hayangoji bajeti. Mgeni anapopangiwa kituo, awepo mwenyeji aliyeteuliwa kumwonyesha duka, zahanati na chumba cha kupanga. Chai ya saa nne inywewe pamoja, mkuu akiwapo, faili zikiwa zimefungwa. Mtu asiyeonekana siku mbili afuatwe nyumbani na mwenzake kabla ya kufuatwa na barua. Mkaguzi aanze kwa kuuliza ni nini kimemshinda mwalimu, kisha aandike kasoro. Na kila mwaka watumishi waambiwe waziwazi kazi yao imezaa nini: watoto wangapi waliofika bila kujua kusoma sasa wanasoma.

Ndugu walimu na watumishi, mtoto wa Tingi hana shule ya pili ya kukimbilia mwalimu wake anapovunjika moyo. Mwaka mmoja wa mwalimu aliyekata tamaa ni mwaka wa mtoto ambao haurudi tena. Kwa sababu hiyo, moyo wa kazi usiachwe kuwa siri ya mtu mmoja katika chumba cha kupanga. Wazee wa milima hii walijua kwamba mteremko hauhimizwi kwa maneno ushike udongo wake. Hulimwa, tuta kwa tuta, na watu wengi kwa pamoja.