Mlango wa Mwajuma: Riwaya ya Mapenzi na Haki ya Kuanza Upya



Nimeombwa nizungumze juu ya kitabu, nami nimechagua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Wengi huikumbuka kwa siasa za kudai uhuru wa Zanzibar. Leo naomba tuisome kama hadithi ya mapenzi, yenye ucheshi wake, juu ya binti anayejikubali na kuanza upya.

Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Anamkimbia, na jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke mchangamfu wa Ng'ambo, asiye wa ukoo wake wala kabila lake, na asiye na mali. Hamhoji wala hamhukumu, anamkaribisha. Ndani ya chumba kile Yasmin anajifunza kucheka tena, na baadaye anampenda Denge, mwanaharakati. Mapenzi hayo yana machungu yake, lakini ni ya kuchagua mwenyewe.

Ndugu zangu, hadithi hii haiko mbali na Kyela. Kwetu mahari ni ng'ombe, na binti anaporudi kwao, mara nyingi swali la kwanza huwa juu ya ng'ombe, si juu ya binti. Akiogopa swali hilo, huvumilia hata kipigo. Aibu hiyo ndiyo inayomfunga, kwa kuwa sheria haimfungi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Aidha, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo mama aliyepika, aliyelea na aliyepalilia mpunga asiambiwe kwamba anaondoka mikono mitupu kwa kuwa hakuwa na mshahara.

Mwenye mgogoro wa ndoa aanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Aliyepigwa au kutishiwa aende Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Anayetaka kusimama kwa miguu yake amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, aelezwe juu ya vikundi na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, ofisi nyingi hufungwa jioni, na anayekimbia huja usiku. Saa hiyo anamhitaji jirani. Naomba kila kitongoji, kuanzia Ipinda hadi Matema, kiwe na mlango mmoja kama wa Mwajuma, unaojulikana na wote.