Saa za Nje ya Darasa: Makazi ya Mwanafunzi na Elimu ya Mlimani

Katika hesabu za vyuo vyetu, kitanda cha mwanafunzi huingizwa kwenye fungu la huduma, pamoja na zahanati na viwanja vya mpira, na mtaala una fungu lake. Jioni hii nadai kwamba mgawanyo huo una kasoro kubwa. Kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo unadai krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 hivi za masomo, mwanafunzi anadaiwa saa 40 kila wiki. Kwa kozi nyingi, hasa za sanaa na sayansi za jamii, mihadhara na semina hubeba sehemu ndogo tu ya saa hizo. Zilizobaki zimeachiwa meza, taa, kitabu na mtu wa kubishana naye. Shahada imesimama juu ya dhana kwamba vitu hivyo vipo. Visipokuwapo, chuo kinamtahini mwanafunzi kwa saa ambazo hakikumpa.

Waanzilishi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilitambua hilo. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia mlimani mwaka 1964. Huko mabweni yalijengwa karibu na madarasa na maktaba, na serikali ikagharimia malazi na chakula. Matokeo yanajulikana hata kwa wasiowahi kufika Dar es Salaam. Mwaka 1967 wanafunzi, Yoweri Museveni akiwa kiongozi wao, waliunda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, chenye madarasa yake ya itikadi siku za Jumapili. Mwishoni mwa 1969 likatoka jarida la Cheche, lililochapwa kwa stensili na wanafunzi wenyewe. Mwaka uliofuata Issa Shivji alichapisha humo uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania, na kabla mwaka haujaisha jarida likapigwa marufuku. Hakuna silabasi iliyoagiza kazi hiyo wala mtahini aliyeisahihisha. Ilifanywa usiku na siku za mapumziko, na watu waliokuwa wakilala jirani na wasiolazimika kuwahi daladala. Walter Rodney, ambaye kitabu chake juu ya Ulaya na kudidimizwa kwa Afrika kilitoka mwaka 1972, aliwakuta pale vijana waliokuwa tayari kumpinga.

Mtu atasema nalipamba tabaka la wateule, na ana ushahidi mzito. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi hao hao waliolala pazuri na kushiba waliandamana wakiwa na majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ikiwa bweni hufundisha, je, somo lake siyo hilo la kujiona? Nakubali kwamba raha huweza kuzaa kiburi. Lakini tuangalie kalenda: Cheche lilitoka miaka mitatu tu baadaye, katika mabweni yale yale. Kilichobadilika ni maswali waliyoulizwa wanafunzi, hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na mjadala wa nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Bweni haliamui watu watafikia mkataa gani. Linawapa nafasi ya kubishana hadi wafikie mmoja. Maandamano ya Machi 1978, yaliyopinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, yalitoka mlima huo huo kwa hoja iliyokuwa kinyume kabisa na ile ya 1966.

Leo wanafunzi wameongezeka mara nyingi kupita vitanda, na ongezeko hilo ni jambo jema ambalo hatuna budi kulitetea. Ila tutazame namna walivyopokelewa. Aliyekosa chumba hubebana na mwenzake, wawili kitanda kimoja, au hutafuta geto, yaani chumba cha kupanga, Changanyikeni, Msewe au Makongo. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Boom, yaani posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, huja kwa awamu ya siku 60 hivi. Kwa miaka mingi lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, sasa ni 10,000, na humo mna chakula, chumba na nauli. Kwa hiyo mwanafunzi huanza muhula akiwa mdaiwa. Semina ikiisha saa 2 usiku, wa bwenini hupita maktaba. Wa mbali huhesabu foleni ya Ubungo. Kama ni msichana, huhesabu pia njia ya gizani kutoka kituoni. Siku ya mtihani wote wawili hupewa karatasi moja, na aliyenyimwa saa ndiye atakayetegemea desa, yaani nukuu za kunakili. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia elimu ambayo alipewa kipande chake.

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayanisumbui sana. La kwanza ni kwamba Ujerumani na Ufaransa wanafunzi wengi hulala mjini. Ni kweli, lakini miji ya huko huwapa usafiri wa usiku na maktaba za umma. Tukiweza kuahidi hayo Kimara na Goba, nitanyamaza. La pili ni simu. Kundi la WhatsApp husambaza desa upesi kuliko mashine yoyote ya fotokopi, na hiyo ndiyo kazi linayoiweza. Kumpinga mwenzako kwa saa mbili, kisha kubadili mawazo mbele yake, ni kazi nyingine.

Pingamizi linalonisumbua ni la Mzee Punch. Kwa miaka mingi maandishi na michoro ya watu wasiojulikana, kwa jina hilo la bandia, ilibandikwa ukutani usiku hapa Mlimani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, na ikaitwa desturi. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Ukaribu ule ule uliozaa Cheche ulimnyima mahali pa kukimbilia. Siwezi kujibu kwamba hiyo ilikuwa ajali. Ninachoweza kusema ni kwamba chuo kilichouita ukatili utani kilikuwa kimejitoa katika malezi ya bweni, kikidhani kazi yake inaishia mlangoni pa darasa. Huo ndio mgawanyo ninaoupinga. Vitanda bila walezi na bila mahali pa kulalamikia ni hatari, na sitetei vya namna hiyo.

Tufike kwenye fedha. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017 yana majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotajwa ya shilingi bilioni 10. Ni kama milioni 2.6 kwa kitanda. Boom la 10,000 kwa miezi minane ni milioni 2.4. Nyufa zilionekana mwaka ule ule, kwa hiyo tuseme ujenzi wa kuaminika ungegharimu mara mbili: bado kitanda kitakachotumika miongo kadhaa kinalingana na boom la miaka miwili na ushei la mtu mmoja. Wakati tunajenga, ratiba isiwaweke wa mbali darasani usiku, na vyumba vya kusomea viwe wazi hadi asubuhi. Na Seneti inapoletewa orodha ya waliopata sapu (mitihani ya marudio), wenye kari (masomo ya kurudia) na waliodisko (walioondolewa masomoni), iongezwe safu moja: mwanafunzi huyu analala wapi. Baada ya miaka mitatu ya takwimu hizo, hoja yangu itaweza kuthibitishwa au kukanushwa.